Tusihesabu Vichwa Peke Yake

Hii ni hotuba iliyotolewa kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, katika siku ya mafunzo kwenye ukumbi wa parokia. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana kikundini.



Baba Paroko, wazee, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, nawasalimu nyote. Nimepewa nusu saa. Nitajaribu nisiipite, maana naona moshi wa jikoni na najua mchele ukiiva hakuna atakayenisikiliza.

Leo nataka tuzungumze juu ya kuhesabu. Mtasema, "Mwalimu, kuhesabu tulijifunza darasa la kwanza." Ni kweli. Lakini kuna kuhesabu kunakosaidia kikundi na kuna kuhesabu kunakokidanganya.

Jambo lililonileta

Mwaka uliopita kikundi kimoja cha akina mama kiliniita. Wao huweka akiba kila Alhamisi na kukopeshana, ile tunayoita table banking. Vijana watano, watoto wa hao hao akina mama, walikuwa wameleta ombi la mkopo wa shilingi 80,000. Walitaka kununua televisheni mbili na mashine mbili za PlayStation, wakodi chumba pale sokoni na kuanzisha ligi ya mpira wa kwenye televisheni. Kila Jumamosi timu zingeshindana, watu wangetazama, washindi wangepata kikombe.

Mkutano ukagawanyika. Mama mmoja alisema hiyo ni kazi ya shetani na mtoto wake hataingia humo. Mwingine akasema afadhali wacheze pale kuliko kukaa kwenye chang'aa. Ndipo kijana mmoja akatoa simu yake. Walikuwa wamefanya shindano moja la majaribio kwa mashine ya kuazima, wakaweka picha zake kwenye mtandao. Akawaonyesha akina mama: "Tazameni, imetazamwa mara 6,000. Ligi tayari imefaulu!"

Mkutano ukanyamaza. Elfu sita! Kijiji chote hakina watu elfu sita. Mweka hazina akanigeukia: "Mwalimu, wewe unasemaje?" Nikasema nipeni wiki mbili. Sikutaka kusema ndiyo au hapana juu ya kitu nisichokijua, na zile 80,000 zilikuwa jasho la akina mama ishirini na tatu.

Nilichojifunza nataka kuwaeleza.

Ligi kubwa ya huko Marekani

Mashindano ya michezo ya kompyuta si mchezo wa watoto tu. Huko Korea Kusini, Uchina na Marekani kuna vijana wanaolipwa mshahara kwa kucheza, na watu hujaa uwanjani kuwatazama kwenye skrini kubwa. Wengi zaidi hutazama kwa simu na kompyuta wakiwa nyumbani.

Mwezi wa Januari 2018, kampuni ya Marekani iitwayo Blizzard Entertainment ilianzisha ligi mpya ya mchezo wake uitwao Overwatch. Walitaka ifanane na ligi za mpira: timu zenye majina ya miji, kama London, Seoul, Shanghai na Boston. Msimu wa kwanza timu zilikuwa 12, na zilicheza katika ukumbi mmoja huko Burbank, California. Iliripotiwa kwamba mwenye timu alitakiwa kulipa dola milioni 20 ili timu yake iingie. Dola milioni, si shilingi.

Wiki ya kwanza ilipokwisha, kampuni ilitangaza kwamba zaidi ya watu milioni 10 walitazama. Milioni kumi kwa siku nne! Magazeti yakaandika, wenye timu wakapeana mikono. Hapo ndipo nilipowakumbuka vijana wetu na elfu sita yao.

Lakini katika tangazo lile lile kulikuwa na hesabu nyingine ambayo wengi waliipita haraka. Ilisema kwamba kwa wastani wa kila dakika, katika zile siku nne, watazamaji walikuwa kama 280,000. Siku ya kwanza peke yake wastani ulikuwa 408,000.

Sasa ni ipi ya kweli? Milioni 10 au laki mbili na elfu themanini? Zote mbili ni za kweli. Tofauti iko katika swali lililoulizwa.

Baraza la chifu

Tuchukue mfano wa nyumbani. Chifu ameita baraza siku ya soko, chini ya ule mti. Baraza limechukua saa mbili, yaani dakika 120.

Watu 20 walikaa kuanzia sala ya kufungua mpaka sala ya kufunga. Wengine 300 walikuwa wanapita na vikapu vyao. Kila mmoja alisimama dakika 10 hivi, akasikia kidogo, akaenda zake. Na kuna wakati chifu alitaja mbolea ya bei nafuu. Hapo watu wakajazana, ukihesabu wakati ule utapata 110.

Je, baraza lilikuwa na watu wangapi?

Karani wa kwanza atasema 320, maana amehesabu kila mtu aliyesimama pale hata kwa muda mfupi. Hiyo ndiyo ile milioni 10.

Karani wa pili atasema 110, maana amehesabu wakati watu walipojaa zaidi. Wenye ligi hupenda sana hesabu hii pia, kwa sababu kila mchezo una dakika yake tamu.

Karani wa tatu ana kazi zaidi. Anajumlisha dakika zote ambazo watu walikaa. Wale 20 mara dakika 120 ni 2,400. Wale 300 mara dakika 10 ni 3,000. Jumla 5,400. Anagawanya kwa dakika 120 za baraza, anapata 45. Maana yake ni kwamba ukifika pale dakika yoyote, kwa wastani utakuta watu 45. Hiyo ndiyo ile 280,000.

Mnaona? Baraza ni moja, hesabu ni tatu: 320, 110 na 45, na hakuna karani aliyesema uongo. Lakini ukitaka kujua ukodi viti vingapi, utamsikiliza karani wa tatu. Ukitaka kujua nani atakuja kuchimba mtaro kesho, usisikilize hata mmoja wao. Nenda ukawatafute wale 20.

Kwa hiyo niliporudi kwa vijana niliwauliza: hizi elfu sita ni watu elfu sita, au ni mara elfu sita? Wakatazamana. Mmoja akacheka akasema, "Mwalimu, mimi mwenyewe nimeitazama kama mara arobaini." Katika mitandao mingine mtu akipitisha kidole tu, picha ikacheza sekunde chache, tayari amehesabiwa. Na kati ya hao, wangapi wanakaa karibu na soko letu, wanaoweza kuja Jumamosi na kulipa? Hawakujua. Hawakuwa wamedanganya. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Zawadi huleta watu

Ile ligi ya Marekani ilikuwa na jambo lingine. Katika mwaka ule wa 2018 waliweka utaratibu kwamba anayetazama anajipatia pointi fulani, ambazo aliweza kuzitumia ndani ya mchezo kuwavalisha wachezaji wake sare za timu. Si vibaya, ni kama kumpa mgeni chai. Lakini fikirini: mtu anaweza kufungua kompyuta, akaacha mchezo uendelee na kwenda kulala, na pointi zinaingia. Mashine inahesabu kwamba anatazama.

Mwaka wa 2020 ligi ilihama kutoka mtandao wa Twitch ikaenda YouTube. Mwanzoni huko YouTube zile pointi hazikuwepo. Watazamaji wa matangazo ya Kiingereza wakapungua wazi wazi. Baadaye mwaka huo pointi zikarudishwa na hesabu ikapanda tena. Kuhama kwenyewe kulichangia kupungua, siwezi kukataa. Lakini kila mtu aliona kwamba sehemu ya umati ule ilikuwa imefuata zawadi.

Msiwacheke Wamarekani. Nataka kukiri jambo mbele yenu.

Miaka mingi iliyopita, nilipoanza kazi hii ya maendeleo, nilipewa kata moja nifundishe habari za kuhifadhi udongo kwa matuta. Niliandaa semina tatu. Kila semina kulikuwa na pilau na soda, na kila mtu alirudi na kilo mbili za mbegu. Ukumbi ulifurika! Nikaandika kwenye ripoti, "Wakulima 412 wamehudhuria," nikapiga na picha. Ripoti ikasifiwa.

Mwaka uliofuata nilipita kata ile baada ya mvua kubwa. Nilitembea kutwa nzima. Nilihesabu mashamba yenye matuta. Yalikuwa tisa. Udongo wa mengine yote ulikuwa umeteremka mtoni, mto umekuwa mwekundu kama uji wa wimbi. Mzee mmoja alinikaribisha maji, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ile pilau yenu ilikuwa nzuri sana." Mpaka leo maneno yale hunichoma.

Mimi sikudanganya katika ripoti ile. Watu 412 walikuja kweli. Lakini nilihesabu mlangoni, na kazi ilikuwa shambani.

Bwana wetu mwenyewe aliliona jambo hili. Katika Injili ya Yohane sura ya sita, aliwalisha wanaume wapatao elfu tano. Kesho yake umati ulimtafuta mpaka ng'ambo ya ziwa. Yeye hakusema, "Tazameni nimefaulu." Aliwaambia wazi kwamba wamemfuata kwa sababu ya mikate. Na alipoanza kufundisha maneno magumu, wengi wakarudi nyuma, akabaki anawauliza wale kumi na wawili kama wao pia wanataka kuondoka. Kanisa lilijengwa juu ya waliobaki, si juu ya hesabu ya mikate.

Ligi ile iliishia wapi?

Najua mnataka kujua. Mwaka wa 2019 timu ziliongezwa zikafika 20. Mpango ulikuwa kwamba mwaka wa 2020 kila timu iwe na mechi katika mji wake, mashabiki walipe tiketi. Korona ikaja, mpango huo ukavunjika mwezi wa Machi. Fainali ya mwisho ilichezwa Toronto, Kanada, mwanzoni mwa Oktoba 2023. Mwaka huo huo timu zilipewa nafasi ya kupiga kura kama zinataka kuendelea, na kila timu ambayo ingeondoka ingepewa dola milioni 6. Mwezi wa Novemba ilitangazwa kwamba ligi kwa mtindo ule imefika mwisho. Ilidumu misimu sita.

Sisemi ilikufa kwa sababu ya kuhesabu vibaya peke yake. Kulikuwa na Korona, na gharama zilikuwa kubwa mno. Lakini jambo moja ni wazi. Watu milioni 10 wa wiki ya kwanza walitazama bure, na mwenye timu aliyeahidi dola milioni 20 hakuweza kuzirudisha kwa macho ya watu. Alihitaji wanaonunua tiketi, wanaonunua fulana, wenye matangazo wanaorudi mwaka baada ya mwaka. Wahenga walisema, ngoma ivumayo haidumu.

Lakini sitaki mwondoke hapa mkidhani kila kitu kipya ni cha kudharauliwa, au kwamba mwanzo mbaya ni mwisho. Katika ligi ile ile kulikuwa na timu ya Shanghai. Msimu wa kwanza ilicheza mechi 40. Ikashindwa zote 40. Hata moja haikushinda! Mngekuwa nyinyi mngeivunja, si ndiyo? Lakini mwaka wa 2021 timu hiyo ndiyo iliyokuwa bingwa. Kwa hiyo kelele za wiki ya kwanza zisitupumbaze, na kimya cha msimu wa kwanza kisitukatishe tamaa. Tukipime kitu kwa muda wa kutosha.

Daftari la Jumamosi sita

Turudi kwa vijana wetu. Akina mama hawakusema ndiyo wala hapana. Waliwaambia: endeleeni na ile mashine ya kuazima kwa Jumamosi sita, mwandike kila kitu kwenye daftari. Nani amekuja, amekaa muda gani, amelipa ngapi. Tena mwandike majina, si vijiti tu. Mama mmoja mwalimu mstaafu akakubali kulikagua daftari kila Jumapili baada ya Misa.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu 63. Ya pili 58. Vijana wakafurahi sana. Lakini mama mwalimu akauliza, "Hizi soda nani alinunua?" Kumbe siku hizo mbili walikuwa wanagawa soda bure. Jumamosi ya tatu hakukuwa na soda. Wakaja 24. Halafu 21, halafu 22, halafu 20.

Kijana mmoja akakata tamaa, akataka kuacha. Mama mwalimu akamwambia, "Usiangalie 63 iliyopotea. Angalia hii 20 imesimama." Akampitishia kidole kwenye majina. Kulikuwa na majina 14 ambayo hayakukosa hata Jumamosi moja, na kila mmoja wao alilipa shilingi 50 za kucheza. Hiyo ni shilingi 700 kwa Jumamosi. Ukitoa 200 za stima na chumba, inabaki 500.

Sasa vijana wenyewe wakachukua kalamu. Mkopo wa 80,000 ukigawanya kwa 500 ni Jumamosi 160. Ni zaidi ya miaka mitatu, kabla hata ya kuweka riba, na mashine itakuwa imeharibika. Hakuna aliyewaambia hapana. Waliiona hapana wenyewe kwenye daftari lao.

Wakarudi kwa akina mama na ombi jipya: shilingi 15,000, wanunue televisheni moja iliyotumika na waendelee na mashine ya kuazima. Hiyo ni Jumamosi 30. Akina mama wakakubali, kwa masharti: hakuna mtoto kuingia saa za shule, na hakuna kuwekeana pesa za kamari juu ya mchezo. Mnajua jinsi kamari ya simu inavyomaliza vijana wetu.

Nilipowatembelea mara ya mwisho zilikuwa zimepita Jumamosi 21. Walikuwa wamerudisha shilingi 9,500. Mara mbili stima ilipotea wakakosa mapato. Deni bado liko, na bado lolote linaweza kutokea. Lakini kila mtu anajua wako wapi.

Daftari lilionyesha jambo lingine ambalo hakuna aliyelitazamia. Mama mwalimu alisoma yale majina 14 kwa sauti, yote yalikuwa ya wavulana. Akauliza, "Na wasichana wetu wako wapi Jumamosi?" Tulijua jibu: wako kisimani na jikoni. Hesabu ya vichwa isingetuambia hivyo. Majina yalituambia. Hilo bado tunalizungumza, na nyinyi wazee mlio hapa mbele mlizungumze pia nyumbani.

Mambo manne ya kukumbuka

Kabla sijakaa, naomba makatibu waandike.

Kwanza, mtu akikuletea hesabu kubwa, muulize imehesabiwaje. Ni watu tofauti, ni wakati wa kujaa, au ni wastani?

Pili, uliza wamekaa muda gani.

Tatu, hesabu tena siku ambayo hakuna soda, hakuna posho wala mgeni mkubwa. Hiyo ndiyo hesabu yako.

Nne, hesabu mahali kazi ilipo. Kama ni matuta, hesabu shambani. Kama ni mkopo, hesabu marejesho. Kama ni ligi ya vijana, hesabu wanaorudi na kulipa, na uangalie ni nani hayupo.

Mambo haya hayahitaji kompyuta. Yanahitaji daftari la shilingi chache, kalamu, na mtu mwaminifu asiyeogopa kuandika hesabu ndogo. Kwa maana hesabu ndogo ya kweli unaweza kujengea juu yake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima kwanza ujue haba yako ni ngapi.

Mchele naona umeiva. Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kikundi chetu husema kimefaulu kwa kuhesabu nini? Je, tunahesabia mlangoni au mahali kazi ilipo?

2. Tukumbuke mkutano wetu mmoja uliojaa sana. Watu walifuata nini? Wangapi wako nasi mpaka leo?

3. Vijana wetu wamewahi kutuletea wazo jipya? Tuliwajibuje? Tungewapa "Jumamosi sita" za namna gani?

4. Tusome majina ya wanachama wetu kwa sauti. Ni nani katika kijiji ambaye hayumo, na kwa nini?